Mwingereza, Mtaliano na Jibu la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Katika mji huu mzima hakuna mtu aliyeyakimbiza magari mawili ya Daktari wa Meno kama mimi. Mwingereza nimemkanyagia mafuta hadi mshale ukalala upande wa pili. Mtaliano nimemkatisha kona kali nimeshika usukani kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilikuwa kimefungwa bandeji.

Haya, nimedanganya. Nimewatoa bandani, nikawafikisha bombani kuwaosha, nikawarudisha kinyumenyume. Na siku moja katika kurudisha niligonga ndoo. Lakini wino hauna aibu, na kitabu hiki nimepewa bure.

Kitabu ni cha marehemu Daktari mwenyewe. Alikuwa akiandika humu miadi ya wagonjwa wake. Kila ukurasa umepigwa chapa juu: Jina la mgonjwa. Chini yake: Jino linalouma. Binti yake amenikabidhi leo pale gereji.

"Mzee Msasa," akasema, "wewe na shemeji yako niandikieni uzuri na ubaya wa kila gari. Kabla mvua hazijaisha nauza moja. Kuyalea yote mawili siwezi. Baba aliacha neno kwamba lile mtakalokubaliana nyinyi wawili ndilo libaki."

Nilicheka hadi meno ya bandia yakataka kunitoka, na meno hayo aliyatengeneza huyo huyo marehemu. Kukubaliana! Mimi na Shemeji! Daktari alikuwa mjanja. Alijua hatutakubaliana mpaka kiama, basi hakuna gari litakalotoka bandani.

Haya, andika, Msasa. (Wananiita hivyo kwa sababu ya kazi yangu, bodi na rangi. Wengine wanasema ni kwa sababu ya mdomo wangu.)

Jina la mgonjwa: Mwingereza. Kijani cha chupa. Boneti ndefu kiasi kwamba pua inafika kazini kabla ya dereva. Usukani wa mbao, mkono wa kulia. Viti vya ngozi. Silinda sita. Jino linalouma: anavuja oili, kila anaposimama anaacha doa. Shemeji anasema anakojoa. Mimi nasema anatia sahihi.

Jina la mgonjwa: Mtaliano. Mwekundu, mfupi, paa la turubai, usukani kushoto. Silinda nne na kabureta mbili zinazotaka kubembelezwa kila asubuhi. Jino linalouma: kutu, na makelele. Shemeji anasema anaimba. Mimi nasema analia njaa.

Shemeji ni fundi injini, na ni mume wa mdogo wangu, fundi cherehani. Tumefanya kazi banda moja tangu tukiwa na nywele.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimepiga msasa mlango mmoja wa gari la mtu, rangi imekataa kukauka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tulikaa bandani na magari yenyewe, mvua ikipiga bati. Shemeji alikuwa amemfungua Mtaliano boneti. Alishika kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Hivyo ndivyo anavyozipatanisha. Anasikiliza moja inavyovuta pumzi, anahamia ya pili, anazungusha skrubu kidogo, anarudi.

"Njoo usikie, Msasa. Zote mbili zinapumua sawa. Mapacha."

"Nisikie nini? Injini inayopiga kelele hivyo ina shida nyumbani."

"Wewe masikio yako yamejaa puti ya kuzibia mabati. Lile jahazi lako la kijani limesimama pale tangu asubuhi limeshakojoa mara mbili."

"Ametia sahihi, Shemeji. Mtu wa heshima akifika mahali anatia sahihi."

"Mtu mzima anayetia sahihi sakafuni anavalishwa nepi."

Hilo lilikuwa tusi zuri, lazima niseme. Nikawaza, nikajifanya natafuta brashi, kisha nikapata.

"Mtaliano wako," nikamwambia, "ni bwana harusi wa kukodi. Mlangoni anapendeza, anapigwa picha, watu wanapiga vigelegele. Akiingia ndani hajui hata taa inawashwa wapi."

Shemeji aliegemea gari akacheka hadi akakohoa. Machozi yalimtoka, mpira wa maji ukamdondoka. "Hilo limeingia," akasema. "Hilo limeniingia hasa." Akavua ovaroli, akajifunika koti kichwani kwa ajili ya mvua. Alipofika mlangoni akageuka. "Ngoja nilale nalo. Kesho nakujibu, na nikikujibu utakwenda mwenyewe kumuuza Mwingereza kwa wanunua chupa."

Tuna sheria moja tu sisi. Ukishatupa tusi, unasubiri. Hurushi la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Kwa hiyo kesho zamu ni yake.

Ijumaa, 7 Machi

Hajaja. Nimemsubiri kama mchumba.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi, na kichwa cha ukurasa kinaniuliza jina la mgonjwa.

Jana asubuhi Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa viatu. Kiatu cha kushoto kikaingia. Cha kulia akakiangalia tu. Mdogo wangu alikuwa jikoni, akamwita, kimya. Alipoingia alimkuta ameinama upande mmoja, mdomo umevutwa, anamwangalia mkewe kama mtu anayeangalia saa iliyosimama. Kiatu kilikuwa bado mkononi.

Kiharusi.

Nimefika hospitali nimelowa chapachapa. Wamemlaza wodi ya wanaume, karibu na dirisha. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia umelala. Ule mkono! Ule uliokuwa ukizungusha skrubu robo ya robo, sasa umewekwa juu ya shuka kama kitu alichosahau mgeni. Nimeushika. Una joto. Sikutarajia uwe na joto.

Sikusema utani wowote. Mdogo wangu ndiye aliyeshtuka. "Kaka, sema kitu. Ukinyamaza hivyo atadhani anakufa."

Nikasema, "Shemeji, vua viatu kabla ya kupanda kitandani kwa watu." Jicho la kushoto likanicheka. Nina hakika. Jicho la kulia halikuwa nasi.

Sasa niandike linaloniuma, kwa kuwa kitabu chenyewe kinauliza. Mimi sikusoma, darasa la nne nililitoroka kupitia dirishani. Lakini masikio ninayo. Alhamisi nimetamka bwana harusi, nikacheka. Ijumaa kikaja kiharusi. Neno limetoka kinywani mwangu jioni, asubuhi limerudi na kichwa kingine likaingia nyumbani kwa mdogo wangu.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo kwenye benchi la nje. Akanitazama kwa macho mekundu.

"Kaka, ugonjwa hausikilizi utani wenu."

"Lakini neno ni lile lile."

"Neno si lile lile. Na wewe si mtu mkubwa kiasi hicho. Kapange foleni ya dawa."

Nikapanga foleni.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Hasemi.

Alhamisi, 13 Machi

Hasemi. Nimemchonga ndevu. Nimemwachia sharubu upande mmoja kwa makusudi, muuguzi akanifukuza na wembe wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Wamemrudisha nyumbani. Na amesema! Nimeingia nimebeba mto, akaniangalia, akavuta pumzi, akatamka wazi kabisa mbele ya mke wake na majirani wawili:

"Karibu, mke wangu."

Majirani wakatazamana. Mimi nikaketi kitandani, nikajifunga shuka kama kitenge. "Nimefika, mume wangu. Umekula?"

Mdogo wangu akacheka kwanza, kisha akaingia jikoni akafunga mlango, tukasikia maji yakifunguliwa na hayafungwi.

Kisha akamwita mke wake. Akamwita "Shemeji."

Jumamosi, 22 Machi

Nimegundua siri ya ulimi wake, na sikuhitaji daktari. Maneno yote yapo. Ila ni kama makopo ya nati na bolti pale gereji, mtu ameyahamisha usiku. Anapeleka mkono pale pale alipozoea, lakini anatoa lile la jirani. Maneno yanayokwenda mawili mawili, yeye anatoa la pili. Akitaka dirisha lifunguliwe anasema "Funga." Chai ikiwa ya moto anasema "Baridi," na analia kama umeshaimwagia barafu. Ndiyo yake ni hapana na hapana yake ni ndiyo. Mimi ni mke wake na mke wake ni mimi.

Nimemfundisha mdogo wangu. Ameandika maneno hayo kwenye karatasi akaibandika ukutani, lakini bado anasahau na kumfungia dirisha. Mimi sisahau. Mimi naishi kinyume tangu nizaliwe.

Jambo moja tu hasemi kabisa, wala kwa kinyume. Hajanijibu kuhusu bwana harusi. Nilimuuliza leo, "Zamu ni yako, unakumbuka?" Akafumba macho.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeingia bandani. Nimemfunika Mtaliano turubai la pili. Si kwa mapenzi. Ni kwa sababu mwenyewe hawezi kuja.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeshinda. Niandike taratibu nipate utamu wote.

Binti Daktari alikuja kumjulia hali Shemeji. Alileta machungwa, akakaa kwenye kiti, akaongea vizuri. Mtoto wa watu ana adabu. Kabla ya kuondoka akamshika ule mkono ulio hai, wa kushoto.

"Mzee wangu, sitaki kukuchosha. Neno la baba nimelishika. Ni gari lipi libaki?"

Shemeji hakusita.

"Mwingereza," akasema.

Mdogo wangu akaweka mkono kifuani. Binti akanigeukia, uso unameremeta. "Mzee Msasa! Mmekubaliana!"

"Mwingereza?" akamuuliza tena. "Kweli, Mzee?"

"Ndiyo," akasema Shemeji. "Ndiyo! Ndiyo!" Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, uso umemwiva, jicho lake limenikazia mimi. Si Binti. Mimi.

"Ameshikilia kabisa," akasema Binti, machozi yakimlenga. "Sikujua angempenda kiasi hicho mwishoni."

Nikasema, "Ameona mwanga."

Nimerudi gereji nikamwosha Mwingereza, nikampaka nta, nikakaa ndani yake nikashika usukani wa mbao. Miaka yote hiyo, leo Mwingereza ameshinda, na ushahidi umetoka kinywani mwa adui.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilijua. Nilijua papo hapo, kabla hajamaliza kutamka. Kama moto ni baridi, na mimi ni mke wake, basi Mwingereza ni nani? Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kichwa cha Binti! Nilijifanya hamnazo.

Nimejiambia: labda safari hii kopo lilikuwa mahali pake. Nimejiambia mara nyingi. Nta ya jana imekauka na inang'aa vibaya.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sikwenda kumwona. Nimesema nina mafua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mnunuzi amekuja kumtazama Mtaliano. Mtu mpole, viatu safi, hakukanyaga doa hata moja la oili. Alizunguka gari mikono nyuma. Nilimuuliza kama anataka nimwashie asikie.

"La, hapana haja. Nitaliweka sebuleni, nyuma ya kioo. Injini tutaitoa, oili inaharibu zulia."

"Injini mtaitoa?"

"Ni la kutazamwa tu, Mzee. Zuri sana hili. Kama bwana harusi."

Naapa sikumwambia neno hilo. Alilitoa mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya banda nikajifanya natafuta jeki.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda. Mdogo wangu alinifungulia mlango akasema mafua yangu yanaonekana yamepona haraka. Ana ulimi yule, tumezaliwa tumbo moja.

Nilibeba funguo mbili. Nikaketi mbele ya Shemeji, nikaziweka juu ya shuka, moja huku, moja kule. Ya Mwingereza ina kishikio cha ngozi. Ya Mtaliano ina kipande cha waya mwekundu alichokizungusha yeye mwenyewe. Sikuuliza kitu. Nilifikiri, ulimi unaweza kukosea kopo, mkono haukosei.

Alizitazama. Kisha akauinua mkono wa kushoto, akachukua ya Mwingereza, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikafunga. Akachukua ya Mtaliano, akaisukuma chini ya mto wake, akalaza kichwa juu yake.

Akageukia ukuta.

Sikuweza kumtania. Nilikaa pale nimeshika ufunguo wangu mpaka mdogo wangu akaja kuwasha taa.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo mvua imepumzika, na mimi nimeendesha gari barabarani. Mara hii si uongo, mashahidi wapo, na mmoja ni kuku wa jirani aliyeruka ukuta.

Nilimwomba Binti ruhusa ya kumtembeza Shemeji na Mtaliano kabla hajachukuliwa. Akakubali, akadhani tunaaga. Mdogo wangu na jirani wakambeba, wakamkalisha. Mtaliano usukani wake uko kushoto, kwa hiyo dereva ni mimi, kushoto, na abiria ni yeye, kulia. Paa tulilikunja. Nikawasha. Mtaliano akanguruma, akakohoa, akashika.

"Kaka, unajua kweli kuendesha?" mdogo wangu akauliza.

"Nimeandika hivyo kitabuni."

Nikakanyaga klachi, nikatafuta gia ya kwanza. Chuma kikasaga chuma. Shemeji akaruka kama nimemkanyaga yeye. Nikajaribu tena, gari likaruka mbele na kuzimika. Nikawasha. Likazimika. Watoto walikuwa wameshajaa ukutani. Nikasema moyoni, Msasa, leo unazikwa kwa aibu.

Ndipo nikahisi mkono juu ya mkono wangu. Mkono wake wa kushoto. Uliuondoa wangu kwenye gia, ukakaa wenyewe pale.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Katika gari hili gia iko katikati, na yeye amekaa kulia. Mkono wake ulio hai, wa kushoto, ndio ulio karibu na gia.

Nikakanyaga klachi. Akaingiza ya kwanza, laini, hata sikusikia. Nikaachia. Tukatoka getini kama watu.

Mimi nilikuwa miguu na usukani, yeye alikuwa gia na masikio. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, mimi nikikanyaga klachi yeye alishaingiza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye barabara ndefu ya maghala, ambako hakuna watu, upepo ukatuingia usoni na yule gari mwekundu akaanza ule wimbo wake.

"Polepole!" akapiga kelele Shemeji. "Polepole, mke wangu! Polepole!"

Nikakanyaga mafuta hadi chini. Mtu mwingine yeyote duniani angepunguza. Mimi nilimwelewa, nikaongeza, na yeye akatupa kichwa nyuma, akacheka kwa nusu ya mdomo, na mate yakamtoka na machozi yakamtoka na mimi sikuona barabara vizuri, kwa vumbi nasema. Baada ya mvua hakuna vumbi. Haya, si vumbi.

Tulipofika mwisho nikazima tupumzike. Niliutazama mkono wake wa kulia, umelala kwenye mlango, na wa kushoto ungali umeshika gia ingawa gari limezimwa. Nikamfikiria Mwingereza wangu. Yeye usukani uko kulia. Shemeji angekaa kushoto, na gia ingekuwa upande wa ule mkono uliolala. Angekuwa mzigo tu, anatembezwa kama gunia.

Magari haya nimeyalinganisha tangu nina nywele. Kwa boneti, kwa rangi, kwa ngozi, kwa nani anavuja na nani anapiga kelele. Sikuwahi hata siku moja kulinganisha gia iko mkono gani.

Jioni nimekwenda kwa Binti, nikasimama kwenye mkeka wa mlangoni.

"Mwanangu, muuze Mwingereza."

"Mzee Msasa! Si mlikubaliana?"

"Hatukukubaliana. Shemeji akisema ndiyo ni hapana, na akisema Mwingereza ni Mtaliano. Karatasi iko ukutani pale, juu ya kiti ulichokalia."

"Na wewe ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Sijawahi kumshinda, mwanangu. Nilitaka nione ladha yake."

"Ikoje?"

"Kama dawa ya baba yako ya kusukutua."

Alicheka, akanishika bega, akanipa kiti. Akamwita mnunuzi kwa simu mbele yangu. Yule mtu hana kinyongo, kijani au jekundu, kwake yote ni ya sebuleni.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumetoka tena, mvua ikatushika njiani, paa likakwama. Tumerudi tumelowa kama mabata. Mdogo wangu ametutukana wote wawili kwa haki sawa.

Jumatatu, 5 Mei

Wamemchukua Mwingereza. Walimvuta kwa kamba na kumpandisha kwenye lori, hawakumwasha hata kidogo. Pua ndefu ikatoka bandani kwanza, mwili ukafuata baadaye sana. Nilisimama na kitambaa mkononi. Nikafuta alama ya kidole kwenye mlango wa kushoto, lori likaondoka nikiwa bado nafuta hewa.

Binti alitaka doa la oili sakafuni lioshwe. Nikakataa. Ametia sahihi.

Nilipomweleza Shemeji, alinitafuta mkono akaushika. "Pole" hana siku hizi, sijui kopo lake liko wapi. Akasema, "Hongera, mke wangu." Nikasema asante.

Jumatatu, 12 Mei

Kiharusi kimerudi. Cha pili.

Alhamisi, 15 Mei

Sasa makopo yote ni matupu. Hasemi kinyume wala sawa. Mkono wa kushoto nao umelegea, ukiuinua unakaa hapo ulipouweka kwa muda kisha unashuka. Muuguzi anayekuja nyumbani anasema anasikia, tuendelee kuzungumza naye. Mdogo wangu hushona karibu na kitanda ili asikie cherehani. Anaponiona mimi anasimama kwenda kupika, nami naona mabega yake, tangu lini yamekuwa membamba hivyo? Maisha yangu yote nilimhesabu yule kuwa mtoto aliyeolewa na rafiki yangu. Kumbe ndiye fundi mkuu wa nyumba, sisi wawili tulikuwa vibarua.

Jumatano, 21 Mei

Binti ameleta Mtaliano mpaka chini ya dirisha la chumba chao cha ghorofani, akamwacha ananguruma. Sauti ilikuwa mbovu, inachechemea. Kabureta moja inavuta, nyingine imenuna. Hakuna tena wa kuzipatanisha. Nilichukua mpira wa maji nikautia sikioni nikasikiliza, na mimi sikusikia lolote ila mpira.

Nikapanda juu kumtazama Shemeji. Alikuwa amekunja uso. Kidogo sana, kati ya nyusi, ule mkunjo wa fundi anayesikia kazi mbaya ya mtu mwingine.

Nikateremka mbio, nikazungusha skrubu kidogo, nikapanda kumtazama. Mkunjo ule ule. Nikateremka. Nikazungusha upande wa pili. Nikapanda. Magoti yangu ya kizee yalinitukana kila ngazi. Mwishowe nilipanda nikakuta uso umelainika.

Nikasikiliza dirishani. Mapacha.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua zimekwisha. Nguo zimeanikwa kila mahali, mji mzima unanuka sabuni.

Kurasa za Daktari zinakaribia kwisha nazo, kwa hiyo nimeleta kitabu hapa kitandani, Shemeji, nakusomea ninachoandika. Mdogo wangu amejifanya anapiga pasi, lakini pasi haijasogea.

Mtaliano yuko chini, amebaki, ni wako. Mwingereza yuko sebuleni kwa mtu, hana injini, amesimama juu ya zulia na hatii sahihi tena. Umeshinda. Nimekubali, na nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, Binti ataliona.

Lakini sheria ni sheria. Mimi nilitupa la mwisho, siku ile ya mvua, ukasema nakujibu kesho. Tangu hapo mdomo wangu umefungwa. Nina matusi mazuri kuhusu kutu ambayo nimeyatunza tangu Machi, yanaoza, siwezi kuyatoa mpaka unijibu. Unanidai nini wewe? Hakuna. Mimi ndiye ninayekudai, tena kitu kidogo kabisa.

Mtukane Mwingereza, Shemeji. Mara moja tu. Hayupo, hatasikia. Na kama makopo bado yamechanganyika na ukajikuta unamsifu, usijali, msifu tu. Nitajua ulichomaanisha, na nitanuna kama zamani.